Kifungashio ni Hela: Namna ya Kupunguza Taka Mgahawani, Dukani na Nyumbani

Kila asubuhi, kabla moto haujawaka, mpishi wa mjini anakuwa ameshanunua taka. Ananunua kontena za plastiki, foili, mifuko ya karatasi, vijiko vyepesi na katoni ya maji. Saa saba mchana vyote vinaondoka pamoja na wali na maharage. Saa nane viko kwenye pipa la ofisi ya mteja. Mimi napika chakula cha mchana cha maofisini Dar es Salaam, na kwa muda mrefu gharama hiyo niliiandika daftarini kwa neno moja: "mengineyo". Siku nilipoamua kuichambua hiyo "mengineyo" ndipo kazi ninayoieleza hapa ilipoanza.

Ninamwandikia mama lishe, mwenye duka la rejareja, anayeuza vitu kwa simu na kuvituma kwa basi au bodaboda, na yeyote mwenye jiko nyumbani. Hatua zimepangwa kwa makusudi. Wengi huanza na ile ya mwisho, kutenganisha chupa wakampe mwokota makopo, kwa sababu ni rahisi na inaonekana. Ni kazi njema, lakini ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Kitu ambacho hukukinunua hakihitaji kuzolewa.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kuhesabu

Tafuta viroba vitatu. Kimoja weka vifungashio unavyonunua mwenyewe kwa ajili ya mteja. Cha pili weka vinavyokuja na mali: magunia, ndoo, trei za mayai, nailoni za katoni. Cha tatu ni cha chakula: maganda, ukoko, mabaki ya sahani. Fanya hivyo siku saba mfululizo, katika wiki ya kawaida, si ya sikukuu wala ya mwezi wa Ramadhani, maana hizo zina biashara yake.

Jioni pima kila kiroba kwa mizani, lakini usiishie hapo. Plastiki ni nyepesi, na boksi la povu ni jepesi zaidi, kwa hiyo uzito peke yake unadanganya: maganda ya ndizi yataonekana ndiyo adui na maboksi yatasamehewa. Hesabu na idadi. Daftarini chora safu nne: kitu, idadi, bei ya kimoja, na muda kilichotumika. Hiyo safu ya nne iandike kwa uaminifu. Kijiko cha plastiki, dakika kumi. Mfuko wa kubebea kutoka mlangoni hadi kwenye gari, dakika mbili. Ndoo ya mafuta, miezi sita na bado inateka maji. Ukiisoma safu hiyo kutoka juu hadi chini utajua pa kuanzia bila kuambiwa na mtu.

Nyumbani kiroba kimoja kinatosha. Waambie watoto wahesabu. Wanapenda, na wao ndio watakaokukumbusha usipotaka kukumbuka.

Hatua ya pili: kinalinda nini?

Chukua kila kitu kilichomo daftarini ukiulize kazi yake. Kifungashio kina kazi halali: kuzuia unyevu, mafuta, wadudu, vumbi, kuvunjika. Palipo na kazi, usikiondoe. Chakula kilichoharibika kimekula maji, mbolea, mafuta ya lori na jasho la mkulima, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya ganda lililokifunika.

Mfano mzuri ni ile mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, ambayo wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa. Ndani ina nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine, na nje kuna kiroba. Ukiijaza mahindi makavu na kufunga kila tabaka peke yake, hewa inakwisha ndani na wadudu wanakufa bila dawa. Ni plastiki, ndiyo, lakini inatumika tena msimu hadi msimu ikiwa haijatoboka, na inaokoa gunia zima la chakula. Karanga nazo na unga wa lishe usiziweke wazi kwa jina la kupunguza plastiki: zikipata unyevu zinaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Chupa ya kioo au ndoo yenye mfuniko unaobana itafanya kazi hiyo hiyo miaka.

Baada ya kuwatenga wenye kazi, utabaki na wasio na kazi. Kwangu walikuwa hawa: foili iliyowekwa juu ya kontena ambalo tayari lina mfuniko, mfuko wa pili juu ya mfuko wa kwanza, kijiko kwa mtu ambaye ofisini kwake ana kijiko, tishu tano pale inapotosha moja, na mrija. Niliviondoa kwa swali moja tu. Badala ya kuviweka kimyakimya, tunauliza: "Nikuwekee kijiko?" Wengi wanasema hapana. Wanaosema ndiyo wanapewa, bila kununiwa.

Hatua ya tatu: mfuko, na sheria yake

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019; mtu anayekutwa akitumia mfuko wa plastiki wa kubebea anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Vifungashio vya viwandani, vya dawa na vya kilimo vina ruhusa yake, na hapo ndipo penye mchezo: nailoni laini zinazoruhusiwa kufungashia bidhaa zinageuzwa kuwa za kubebea nyanya. Ukiwa na duka usiingie humo. Mkaguzi akija hatakubali maelezo ya kwamba zilikuwa za kufungashia.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni hili: ule mfuko mbadala unaoonekana kama kitambaa ni plastiki pia. Ni polipropilini, nyuzi zilizobanwa kwa joto. Nguvu yake iko katika kurudiwa. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu za mifuko: ili mfuko uongeze joto la dunia kidogo kuliko mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, wa karatasi lazima utumike mara 3, wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Hesabu hiyo haikugusa mifereji iliyoziba wala ng'ombe waliomeza nailoni, mambo ambayo sisi tunayaona kwa macho, lakini somo lake ni zito. Kununua mfuko mbadala kila unapokwenda sokoni, ukarundika thelathini nyuma ya mlango, ni kurudia kosa lile lile kwa plastiki nene zaidi.

Kwa hiyo: mfuko mmoja kwenye mkoba, mmoja kwenye gari au kwenye kiti cha pikipiki, na kikapu cha ukili kwa safari za soko. Mwenye duka, usiutoe bure. Uuze kwa bei inayoonekana kwenye risiti, na mpunguzie kidogo aliyekuja na chake. Mtu anakumbuka kikapu pale kinapomgusa mfukoni.

Ukiuziwa kontena linaloitwa "linaoza", uliza linaoza wapi. Baadhi ya plastiki hizo, zikiwemo zile zinazotokana na mahindi, zinahitaji mtambo maalumu wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Zikitupwa mtaroni au baharini zinakaa kama nyingine. Na bilauri ya karatasi ya kahawa kwa kawaida ina utando wa plastiki ndani, ndiyo maana hailowi. Usilipe zaidi kwa jina tu.

Kuna vitu vya zamani vinavyofanya kazi vizuri. Jani la mgomba ukilipitisha haraka juu ya moto hafifu linalainika, halipasuki, na linafunika wali au kufungia chapati na vitumbua. Gazeti na karatasi za mitihani, hapana. Ule wino haukutengenezwa kwa ajili ya kugusana na mafuta ya moto.

Hatua ya nne: mali inayoingia

Rafiki mkubwa wa kiroba cha pili ni msambazaji wako, na mara nyingi hajawahi kuulizwa. Muulize. Mayai: trei ya mayai 30 irudi naye anapoleta nyingine, maana yeye pia anainunua. Mafuta: chukua ndoo ya lita 20 badala ya chupa ishirini za lita moja, na ndoo tupu irudi. Soda: ikiwezekana baki na kreti za chupa za kioo, zinazooshwa na kujazwa tena, kuliko za plastiki za kutupwa. Nyanya zikija kwenye tenga lililoshindiliwa, za chini zinafika zimepondeka. Mkulima akikubali kreti ngumu zinazopangwa bila kukandamizana, unapunguza uozo, na kreti zinarudi shambani na lori lile lile. Mchele na maharage nunua kwa gunia, ukiwa na pa kutunzia. Kama mtaji hautoshi, wapikaji watatu wa mtaa mmoja nunueni gunia moja mgawane kwa kisado.

Na hapo niseme neno kuhusu kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, unga wa kupima: biashara hii bibi zetu waliifanya bila kuiita jina lolote la mazingira. Mteja alikuja na chupa yake na kopo lake. Leo inaonekana ya kimaskini, na pakiti ndogo za sabuni na mafuta zimechukua nafasi yake. Zile pakiti ndogo zina tabaka kadhaa za plastiki, nyingine na foili ndani, zilizogandishwa pamoja kiasi kwamba mkusanyaji hawezi kuzitenganisha wala kuziuza. Mwenye duka anayepima vizuri, kwa chombo safi chenye mfuniko na mizani iliyokaguliwa, anamhudumia mteja wa shilingi mia tano bila kumwachia takataka hiyo.

Masharti matatu ya kupima ni ya lazima. Chombo cha mteja kiwekwe mizanini kikiwa kitupu kwanza, uzito wake utolewe. Chombo kisicho safi kirudishwe kwa upole. Na sabuni ya maji, jiki au mafuta ya taa visijazwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti. Chupa zilizobeba dawa za shamba zisitumike tena kwa kitu chochote kinacholiwa, hata zikioshwa mara kumi.

Hatua ya tano: chombo kinachorudi

Hapa ndipo penye hela, na hapa ndipo nimekosea mara nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wazo ni rahisi: chakula kiende ndani ya bakuli la stenlesi lenye mfuniko wa kubana, na bakuli lirudi. Nilianza na wateja wote kwa siku moja, na ndani ya wiki mbili sikujua bakuli gani liko wapi. Usifanye hivyo. Anza na ofisi moja, wateja wanaojulikana, wanaokula kwako karibu kila siku.

Piga hesabu kabla ya kununua. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme wateja ni 20 na kontena la kutupwa ni shilingi 250. Kwa siku ni 5,000. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni 130,000. Kila mteja anahitaji mabakuli mawili, moja likiwa kwake na jingine likiwa linaoshwa, kwa hiyo 40. Bakuli likiwa 9,000, mtaji ni 360,000. Kuosha, yaani maji, sabuni na nyongeza ya anayeosha, tuseme 2,000 kwa siku, sawa na 52,000 kwa mwezi. Unaokoa 78,000 kila mwezi, na mtaji unarudi katika mwezi wa tano. Ukipoteza mabakuli manne na kuyanunua upya, unaingia mwezi wa sita. Baada ya hapo ni faida, na bakuli bado lina miaka mbele yake. Kama hesabu yako inaonyesha miaka mitatu, acha kwanza, tafuta bakuli la bei nafuu au wateja walio karibu zaidi.

Namna ya kuliendesha:

Kila bakuli na mfuniko wake vipewe namba moja, iliyochorwa kwa msumari chini, si ya kalamu, inafutika. Daftari la mabakuli liwe na jina la mteja na namba aliyoondoka nayo. Mstari unakatwa linaporudi.

Kanuni ni moja: bakuli tupu kwa bakuli jipya. Asiyerudisha la jana leo anafungiwa kwenye la kutupwa na analilipia. Lisemwe bila ugomvi. Mteja akisema, "Mama, bakuli nimelisahau nyumbani," mjibu, "Hakuna neno mwanangu, leo nakuwekea kwenye kontena, ni mia tatu juu." Kesho atalileta. Mteja mpya aache dhamana, tuseme 5,000, na arudishiwe yote siku anapoacha kununua, bila kuzungushwa. Ukimzungusha mmoja tu, habari zinafika ofisi nzima na mpango umekufa.

Bodaboda anayepeleka chakula asirudi mikono mitupu. Safari ile ile inayopeleka ndiyo inayorudisha, la sivyo mafuta ya pikipiki yanakula ulichookoa. Sisi tulihamisha saa ya kukusanya: anapeleka saa saba, anabaki na kazi nyingine pale karibu, anakusanya saa nane na nusu.

Usafi usiufanyie mzaha, maana mteja mmoja akikuta harufu, basi. Weka mabeseni matatu: la kwanza maji ya moto na sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji yaliyochemka ya kuzamisha. Kwanza paruza mabaki yaingie kwenye kiroba cha maganda, ndipo uoshe. Maji hayachafuki haraka. Yakichafuka, badilisha. Pindua mabakuli kwenye kichanja yakauke kwa hewa. Kitambaa cha kufutia kinachozunguka siku nzima kinarudisha uchafu uliouondoa.

Anayeuza nguo, vipodozi au vitabu kwa kutuma hana bakuli, lakini ana maboksi. Chagua boksi linalolingana na kitu, si kubwa ulijaze nailoni za mapovu. Kwa fundi cherehani kuna vipande vya vitambaa vya bure vya kujazia. Bandika anwani mpya juu ya boksi la zamani, na mwambie mteja kwa nini boksi lake limeshasafiri.

Maji na moto

Bomba linalodondosha liwekee kopo la lita moja uangalie saa. Likijaa ndani ya saa moja, unapoteza lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Washa, kile kipete cha mpira ndani ya bomba, ni bei ndogo kuliko maji yanayopotea.

Maharage loweka usiku. Chemsha kwa nguvu angalau nusu saa, kisha ondoa sufuria ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu kilichotandikwa blanketi au mito ya pamba, ifunike na juu. Joto lililomo linaendelea kupika saa kadhaa bila mkaa wala gesi. Kabla ya kugawa, rudisha motoni yachemke tena. Wali nao unakubali hivyo hivyo, na kwa muda mfupi zaidi. Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua ya kupunguza mkaa, na inastahili kusambaa kuliko ilivyosambaa.

Maji ya kunywa mgahawani tumeyahamishia kwenye jagi kubwa za lita 18.9 zinazojazwa tena, na bilauri za kioo. Nyumbani yachemke kwa nguvu angalau dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, kila mtu awe na chupa yake ya kudumu.

Kinachobaki

Maganda na mabaki mengine yanayooza ni zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji yetu, na ndiyo yanayochafua vingine vyote. Chupa iliyolala na mchuzi haina bei. Kwa hiyo tenga kilicho kibichi kwanza. Mwenye kuku au mbuzi atakichukua bure. Mwenye kauwanja atengeneze mboji: tabaka la maganda, na juu yake majani makavu au vumbi la mbao mara mbili ya hilo, lifunikwe, lipinduliwe kila wiki. Likinuka limelowa mno, ongeza makavu. Nyama na mafuta visiingie, vinaita panya.

Chupa na ndoo tazama namba ndani ya pembetatu chini yake. Namba 1 ni za maji na soda, namba 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni, namba 5 ni ndoo na kontena nyingi. Ziweke safi, kavu, kila aina mbali, kisha zungumza na mwokota makopo wa mtaa wako mpange siku. Anayepokea mzigo uliotengwa hapekui jalalani kwa mikono mitupu, na bei anayopata ni nzuri zaidi. Usichome plastiki uani. Moshi wake unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga kabla haujafika mawinguni.

Baada ya miezi mitatu rudia ile wiki ya viroba vitatu, kwa mizani ile ile na safu zile zile nne. Weka daftari mbili pamoja. Kutakuwa na kitu kimoja ambacho hakikushuka. Kwangu kilikuwa vikopo vidogo vya pilipili, ambavyo nilivisahau kabisa kwa sababu ni vidogo; sasa pilipili inakwenda ofisini kwenye chupa moja ya kioo, mezani kwa wote, na inarudi Ijumaa kujazwa.